Tulivyokwenda Plano Kushindwa Tiara

Januari ya 2019 mimi na mume wangu tulifanya mazoezi ya kushindwa. Wenzetu hufanya mazoezi ya mbio au ya kwaya. Sisi tulisimama kwenye maegesho ya nyumba zetu za kupanga kule Garland, Marekani, yeye kashika uzi, mimi nimeshika gurudumu la uzi nyuma yake, tukijifunza namna ya kukatwa tiara bila mkataji kugundua kwamba tumemwachia. Jirani wa ghorofa ya juu alifungua dirisha akatuuliza kama tunahitaji msaada. Tukamjibu hapana, tunaendelea vizuri.

Mume wangu alikuwa akiandika programu za kompyuta katika kampuni moja kubwa ya Plano, jengo la vioo lenye bwawa la bata mbele yake. Baada ya Krismasi wakubwa walitangaza kwamba timu yake itapunguzwa. Hawakutumia neno kufukuza. Marekani hafukuzwi mtu. Watu “wanaachiwa waende”, utadhani walikuwa mahabusu na sasa mlango umefunguliwa kwa huruma. Kwa wenzake waliozaliwa kule, kuachiwa maana yake ni kutafuta kazi nyingine. Kwetu maana yake ilikuwa kufunga mizigo, kwa sababu kibali chetu cha kuishi kilifungwa kwenye kazi ile kama mbuzi kwenye kigingi. Kazi ikiondoka, una kama miezi miwili ya kumpata mwajiri mwingine atakayekubali kuhangaika na karatasi zako, la sivyo ni uwanja wa ndege. Na tulikuwa na watoto wawili shuleni ambao Kiswahili chao kiliishia kwenye “shikamoo” na “sitaki”.

Mwenye kuamua nani abaki na nani aende alikuwa bosi wake, Mgujarati wa makamo anayekaribia uzee, mwenye kitambi cha heshima na masharubu yaliyochanwa. Ofisini bosi wa Marekani unamwita kwa jina lake la kwanza, kisha anakuondoa kwa jina lako la kwanza, na ndio usawa huo. Mume wangu alishindwa kumwita hivyo, akawa anamwita “Sir”, na bosi hakumkataza. Alijulikana kwa mambo mawili: hakuwahi kucheka kabla ya chakula cha mchana, na alipenda tiara kuliko watu.

Kila Januari watu wa kwao huwa na sikukuu. Jua linageuza safari yake, mavuno yanaingia, na huko Gujarati watu wanapanda juu ya mapaa kurusha tiara kutwa nzima na kukatana nyuzi. Plano hakuna paa la kusimamia wala aliyevuna kitu, isipokuwa viazi vya mfuko wa kilo kumi kutoka duka la jumla, lakini sikukuu haikukosa. Ilifanyika Jumamosi kwenye bustani kubwa ya umma. Mwaka ule, kwa mara ya kwanza, bosi aliialika timu nzima. Watu ambao hakuwahi kuwakaribisha hata chai waliambiwa waje na familia zao. Mume wangu alirudi nyumbani na habari ile kama mtu aliyeitwa Ikulu.

“Na kuna jambo nimesema,” aliniambia akiwa bado na koti mwilini.

“Umesema nini tena?”

“Nimesema mimi ni mtoto wa Tanga, tiara naijua.”

“Akasemaje?”

“Alinitazama tu, muda mrefu. Halafu akasema, we'll see.”

Hapo ndipo nilipokaa chini.

Lazima nieleze kwamba mimi ni wa Morogoro, na kwetu tiara tunaiita kishada. Ni kitu cha kuchezea mtoto mpaka kinaswe kwenye waya wa umeme, halafu mtoto analia, halafu yameisha. Nilipoolewa ndipo nilipogundua kwamba kuna watu ambao kwao hiyo ni vita. Mume wangu alinisimulia mara nyingi kuliko nilivyoomba. Walikuwa wakiokota chupa, wanazitwanga mpaka ziwe unga, wanachanganya na gundi ya wali uliopondeka, wanaupaka uzi na kuuanika kutoka mnazi hadi mnazi. Uzi huo ukigusana na wa mwenzako angani, mmoja wao lazima ukatike. Kinu alichotumia kutwanga chupa kilikuwa cha mama yake. Mama mkwe wangu alikuta vipande vya kioo kwenye kisamvu, na kipigo alichokitoa siku ile hutajwa hadi leo kila familia inapokutana. Mume wangu husimulia kipigo kile kwa fahari, kama mtu anayesoma vyeti vyake.

Sasa mtu huyu, aliyepigwa kwa ajili ya tiara, alikuwa amemchokoza mtu aliyeshika riziki yetu.

Nilimpigia simu shoga yangu wa Arlington, Mkenya wa Nakuru, muuguzi. Huyu ndiye mshauri wangu wa mambo yote, kwa sababu ana maoni juu ya yote na hakuna hata moja analolifikiria kwa zaidi ya sekunde mbili.

“Sikia,” alisema. “Huyo boss a-win. Full stop. Bwana yako ashikilie hizo vitu zake za Tanga mpaka mkipata green card. Pride hai-pay rent.”

“Ataweza kweli? Unamjua alivyo.”

“Basi wewe ndio ushike hiyo uzi. Na mimi nitakuja. Siwezi miss hii.”

Ndivyo tulivyoanza mazoezi ya maegesho. Kushindwa, kumbe, kuna ufundi wake. Nyuzi mbili zikipishana angani, ule unaokwenda kasi ndio unaokata, na ule uliotulia ndio unaokatwa. Kwa hiyo anayetaka kushindwa anatakiwa kutulia tu. Lakini mume wangu akiubana uzi kwa vidole, bosi ataona. Tukakubaliana kwamba yeye ataendelea kurusha mikono kama mtu anayepigana, uzi ukipita vidoleni mwake bila kubanwa, ila mimi nyuma yake nitabana gurudumu kwa vidole gumba viwili. Kwa mbele ni vita; kwa nyuma ni breki. Tulirudia mpaka vidole vyangu vikaota malengelenge. Nilijiambia ni kama kutoa sadaka, mtu hatoi kwa furaha lakini anatoa.

Siku yenyewe nilipika mbaazi za nazi na mahamri, kwa kuwa nilisikia wenyewe hawali nyama. Mbaazi zile zilikuwa rushwa, nisiseme uongo. Watoto tuliwaacha kwa jirani. Shoga yangu aliacha gari lake Garland akapanda letu, na mkoba wa plasta na bandeji mapajani, kwa maana alishasoma simuni kwamba uzi wa aina ile hukata vidole.

Bustani ilikuwa na upepo wa kaskazini unaopenya hadi kwenye fizi. Sherehe ya kurudi kwa jua, na watu wote wamevaa makoti mazito kama magodoro. Kulikuwa na jalebi zilizoganda na kashata za ufuta, muziki mkubwa, na kwenye jukwaa mwanakamati mwenye kipaza sauti akisoma masharti kwa Kigujarati, kisha Kihindi, kisha Kiingereza. Sharti kubwa lilikuwa kwamba ni marufuku kutumia manja, yaani ule uzi wa unga wa chupa, kwa sababu ya usalama na ya bima ya bustani. Ni uzi wa pamba tu unaoruhusiwa. Alilisoma kwa sauti kali, akinyoosha kidole cha shahada juu, na kidole chenyewe kilikuwa kimezungushiwa plasta mpya.

Makofi yalipigwa. Kisha watu wakaenda kwenye magari yao, wakafungua buti, wakatoa manja.

Bosi alitoa ya timu nzima. Alikuwa ameileta mwenyewe kutoka India, imezungushwa kwenye magurudumu ya mbao yenye mikono miwili, ambayo wenyewe huyaita firki. Uzi ulikuwa wa rangi ya waridi, mzuri kuutazama, na ulinichana kidole kabla sijamaliza kuusifu. Mkewe, mama mmoja mnene asiyezungumza, alishika firki ya mumewe na kutafuna kashata. Alikuwa na uso wa mwanamke aliyeshika firki miaka thelathini na haoni tena sababu ya kuangalia juu.

Tulikaa karibu yao kwenye viti vya kukunja. Na kwa kuwa tulikuwa Plano na tulikuwa watatu tunaoelewana, tulisema kila kilichotujia mdomoni. Ndio raha moja ya ugenini, mtu kumsengenya jirani yake akiwa amemtazama machoni na kutabasamu.

“Hiyo tumbo,” alisema shoga yangu, “ni ya twins.”

“Ni pipa la maji,” nilisema. “Na masharubu kayapaka nini, mafuta ya mawese?”

“Punguzeni sauti,” alisema mume wangu.

“Kwani atasikia nini?”

“Mimi nasema tu.”

“Wewe kumbuka: yeye akikaza, wewe unarusha mikono tu, mimi nabana. Mzee ashinde, afurahi, Jumatatu akukumbuke vizuri.”

Bosi alikuwa hatua chache kutoka kwetu, akifunga mkia wa tiara. Alikuja, akaomba ruhusa kwa Kiingereza, akachota mbaazi zangu. Akala kimya. Akachota tena. Nikamwambia mume wangu, kwa Kiswahili na kwa sauti ya kawaida, “Mpe na bakuli la tatu, huyu hajalishwa kwao.” Bosi alinitazama, akasema thank you, akaondoka na mahamri mawili.

Mashindano yalipoanza, niligundua kwamba sisi hatukuwa werevu peke yetu. Timu nzima ilikuwa imekuja kushindwa. Wa kwanza, kijana wa Hyderabad mwenye digrii mbili, alirusha tiara yake moja kwa moja juu ya mti na kuomba radhi kwa mti na kwa bosi. Wa pili, Mmarekani mrefu aliyesema hajawahi kushika kitu kama hicho, alimkabidhi bosi uzi wake mwenyewe amfundishe, na bosi akawa anapigana na mkono wake wa kulia kwa mkono wake wa kushoto. Mama mmoja wa Kichina alikatwa kabla tiara haijapanda, akapiga makofi kuliko wote. Kila tiara ikianguka, bosi alipiga kelele, “Lapet! Lapet!” ambayo ni amri ya kuvuta uzi kwa haraka, na mkewe akazungusha firki bila kuacha kutafuna.

“Hii si kite fighting,” alisema shoga yangu. “Hii ni interview.”

Ilikuwa kweli. Mume wangu alianza kuwa na wasiwasi wa namna mpya. Kama wote wanashindwa, yeye atajitofautisha vipi? Ilibidi ashindwe vizuri kuliko wao, kwa jasho, mtu aone ameshindwa na bingwa. Nilimwona akikunja mikono ya shati ndani ya baridi ile, nikajua ameamua kulifanya kwa ustadi.

Na alilifanya. Mara ya kwanza alipandisha tiara yake taratibu, akaicheza kushoto na kulia mpaka watu wa vikundi vingine wakageuka, akaizungusha juu ya ile ya bosi kama anayetaka kuimeza. Nilikuwa sijawahi kumwona akirusha. Miaka kumi na moja ya ndoa nimesikia hadithi, na siku ile nikaona kwamba hadithi zilikuwa za kweli, na kwamba mimi nimesimama nyuma yake kazi yangu ni kuzifanya uongo. Nyuzi zikapishana. Nikabana firki. Tiara yetu ikakatika, ikaangukia kwenye uwanja wa mpira. Bosi hakupiga kelele ile ya ushindi. Alisema tu, “One more.”

Mara ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Uzi ulikuwa umemchana mume wangu vidole viwili, shoga yangu akamfunga plasta huku akisonya. Wengine walishaanza kuja kwake, yule kijana wa Hyderabad, hata mwanakamati wa masharti, ambaye alikuwa amejikata na kitu ambacho kilikuwa marufuku. Shoga yangu alimfunga naye, akamuuliza kwa Kiswahili kama bima inalipa.

Mara ya tatu tulikatwa upesi zaidi. Wenzake wa ofisini wakashangilia, kwa sababu kila aliyeshindwa hupenda kampani. Bosi akamwachia mkewe uzi, akaja mpaka kwa mume wangu, akamgonga begani kama unavyomgonga ng'ombe mnadani.

“I thought,” alisema kwa sauti ya kusikika na wote, “you said you were from Tanga.”

Wote wakacheka. Bosi mwenyewe hakucheka. Na mume wangu naye akacheka pamoja nao, kicheko chembamba cha puani ambacho sikuwahi kukisikia nyumbani. Nikaelewa kwamba hicho ndicho kicheko chake cha kazini, kwamba kila siku anapotoka Garland na kikombe chake cha kahawa anakwenda kucheka hivyo mpaka jioni. Nilimwonea uchungu. Kisha nikamkasirikia yeye, kisha nikamkasirikia bosi, kisha nikajikasirikia mimi na vidole vyangu gumba. Hasira ile haikunitoka, na sikutaka initoke.

“One more?” alisema bosi.

“Basi, Sir, umenimaliza,” mume wangu alijibu kwa Kiingereza.

“One more,” nilisema mimi.

Mume wangu aligeuka kunitazama. Nikamwambia arushe tu, mwisho, twende nyumbani, baridi. Akarusha. Tiara yetu ya mwisho ile ilikuwa ya njano. Ilipanda vizuri, upepo ulikuwa umeongezeka, na uzi ulikaza mpaka ukawa unalia. Bosi akaileta yake kutoka juu, akaipitisha, nyuzi zikagusana. Mume wangu akaanza kurusha mikono kwa mbwembwe zake za uongo, akisubiri nibane.

Sikubana. Niliachia.

Firki ilizunguka mikononi mwangu mpaka ikachoma. Uzi wa waridi ulipita vidoleni mwa mume wangu kwa kasi ambayo hakuitegemea, akapiga ukelele, lakini mikono yake ilijua la kufanya kabla yeye hajajua. Aliusindikiza. Alishusha kiwiko, akageuza kifundo cha mkono mara moja, na juu kule tiara ya bosi ikatikisika, ikalala ubavu, ikaanza kwenda zake bila mwenyewe.

“Imekwenda arijojo!” alipiga kelele mume wangu.

Na sauti nyingine ikapiga kelele ile ile, kwa wakati ule ule, kwa lafudhi ile ile ya kuvuta mwisho, “Imekwenda arijojooo!”

Ilikuwa ya bosi.

Mimi neno hilo nilikuwa nalijua kama kila mtu. Mipango ikiharibika, tunasema imekwenda arijojo. Sikujua kwamba lina mahali lilipotoka, na kwamba mahali penyewe ni pale angani, kwenye tiara iliyokatika uzi. Lakini Mgujarati wa Plano alilijua. Mume wangu aligeuka taratibu. Shoga yangu alifunika mkoba wake. Mimi nilianza kurudisha kichwani, moja baada ya jingine, yote tuliyoyasema tangu asubuhi.

“Shemeji,” bosi aliniambia, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu, “nazi ile ilikuwa ya kopo.”

Nilitazama sufuria ya mbaazi.

“Na haya ni mafuta ya nazi,” alisema akigusa masharubu. “Si mawese.”

“Ulikuwa unasikia?” nikasema. “Tangu asubuhi?”

“Tangu pipa la maji.”

Alituambia kwamba alizaliwa Tanga, baba yake alikuwa na duka la vitambaa Ngamiani, na waliondoka akiwa na miaka kumi na sita. Kiswahili kilibaki nyumbani kwa sababu mama yake hakutaka kusema kingine hadi alipofariki. Ofisini huwaambia watu anatoka Baroda, huko Gujarati, maana ndivyo wanavyotarajia, na kueleza kunachosha. Mume wangu alikuwa bado ameshika uzi, tiara yetu ya njano iko juu peke yake, na damu inamtiririka kwenye kiganja.

“Kwa nini hukusema?” mume wangu aliuliza.

“Ningesema, mngeanza adabu. Ni muda mrefu sijasikia Kiswahili cha watu wanaodhani siwasikii.”

Labda mwingine angecheka. Na kwa kweli alilisema vizuri, na nikaona machoni kwamba ni la kweli. Lakini mimi nina ugonjwa wa kuuliza swali linalofuata.

“Kama ulitusikia, basi ulisikia pia kwa nini tunashindwa.”

“Nilisikia.”

“Na?”

Bosi alitazama chini, akaanza kubandua plasta aliyokuwa amejifunga kidoleni. Mkewe, kwa mara ya kwanza, aliacha kutafuna.

“Nilishaamua wiki iliyopita,” alisema. “Nilishapeleka majina. Yeye hayumo kwenye wanaobaki. Vibali vina gharama na usumbufu, wakubwa hawataki tena. Si kwa sababu ya kazi yake. Kazi yake ni nzuri.”

Kwa hiyo mazoezi ya maegesho yalikuwa bure, na mbaazi zilikuwa bure, na kicheko kile cha puani kilikuwa bure. Alikuwa amekaa na sisi asubuhi nzima, akila, akitusikiliza tukipanga namna ya kumbembeleza kwa jambo ambalo lilishakwisha.

“Sasa ulituacha tuje wa nini?” nilimuuliza.

“Aliposema Tanga,” bosi alijibu, “nilitaka kumwona mtu wa Tanga akirusha. Mara moja tu. Mkawa mnaninyima.”

“Nani kamnyima mwenzake, bosi?”

Nikamwambia basi, kwa kuwa hakuna tena haja ya kunong'ona, anisikilize vizuri. Nilimwambia kwamba mtu akishaamua kumvunjia mwenzake nyumba, anamwambia, hamwiti kwanza aje kumchezea. Nilimwambia kwamba mama yake, kama alikuwa mtu wa Ngamiani kweli, angemfundisha hilo kabla ya kumfundisha tiara. Na kitambi, nilisema, ni pipa la maji, sirudishi. Wenzake wa ofisini walitutazama wakitabasamu, wakidhani tunapongezana kwa lugha ya Kiafrika. Bosi alipokea yote. Aliinamisha kichwa kama mtoto anayeelezwa, na sikumwonea huruma hata kidogo.

Mume wangu alikuwa akitazama juu. Kisha akaniuliza, kwa sauti yake ya nyumbani, “Uzi umebaki kiasi gani?”

“Umebaki mwingi.”

“Shika firki. Usibane.”

Aligeuka kwa bosi. “Funga nyingine,” alimwambia, bila Sir.

Bosi akafunga. Mume wangu akaikata. Bosi akafunga nyingine, nayo ikakatwa. Kijana wa Hyderabad, asiyejua kwamba hali ya hewa imebadilika, akajileta na tiara ya kushindwa, ikakatwa kabla hajaomba radhi. Ikakatwa ya yule Mmarekani mrefu. Ikakatwa ya mwanakamati wa masharti, aliyelalamika kwamba hii si pamba. Watu wa mbali walianza kuja na firki zao kwa hasira, wazee wa Ahmedabad waliokatana tangu wangali wadogo, na mume wangu akawapokea mmoja mmoja, koti kalitupa chini, mdomo wazi, anatukana Kitanga cha mtaani ambacho mama yake angempiga tena. Mikono yangu iliungua. Shoga yangu alisimama juu ya kiti cha kukunja akipiga kelele, “Maliza yeye! Maliza yeye!” mpaka kiti kikamkunja naye.

Tiara za bosi zilipokwisha alikuja kutoa mkono. Uso wake ulikuwa umelowa, sijui ni upepo. “Hiyo,” alisema, “hiyo ndiyo niliyokuwa naitaka.” Mume wangu aliutazama mkono ule, kisha akainua viganja vyake viwili vilivyochanika amwonyeshe kwamba havishikiki.

“Pole, mzee,” alimwambia. Tukakusanya viti.

Niliendesha mimi. Alikaa kando yangu mikono imefungwa bandeji hadi vifundoni, ameiweka mapajani kama vitu vya mtu mwingine. Tulipita barabara kuu, tukapita maghala. Halafu akasema, “Ungeniuliza kabla ya kuachia.”

“Ungekataa.”

“Ningekataa,” alisema.

Akaanza kucheka, kicheko chake cha kweli, cha kifuani, kinachotikisa gari. Alicheka sana. Kisha kikabadilika katikati, na hakuwa na mkono wa kujifunika uso. Nilimtazama shoga yangu kwenye kioo cha juu. Alikuwa amegeukia dirishani, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alinyamaza bila kuombwa, mpaka Garland.